Forodhani Jioni: Maswali ya Wageni wa Mji Mkongwe na Majibu Yake

Mimi ni mtu wa Ng'ambo, upande wa pili wa Darajani, na tangu utotoni njia yangu ya kwenda baharini ilikata Mji Mkongwe na kuishia Forodhani. Kila nikipokea mgeni, awe wa Tanga, Mombasa au Maskati, huniuliza yale yale kabla hata hajatua begi. Nimeyaweka hapa pamoja na majibu ninayompa. Baadhi ni marefu kwa kuwa jambo lenyewe linastahili, mengine ni ya maneno mawili matatu.

Forodhani ni wapi, na kwa nini paitwe hivyo?

Ni bustani ya wazi ukingoni mwa bahari, Mji Mkongwe wa Zanzibar, kwenye barabara ya Mizingani. Ukikaa ukutani ukaelekea bahari, mgongoni una Ngome Kongwe na Beit al-Ajaib, kulia kuna Beit al-Sahel iliyokuwa kasri ya masultani, na kushoto njia inapita chini ya nyumba ya mayatima kuelekea Shangani. Huwezi kupotea. Muulize mtu yeyote mjini, hata mtoto wa chuo cha Kurani, atakuonesha kwa kidole.

Jina limetokana na forodha. Hapa ndipo majahazi na meli zilipokuwa zikishusha na kupakia, na mizigo ikatozwa ushuru. Bandari ilipojengwa upya Malindi katika miaka ya 1920, shughuli zikahama na eneo likabaki wazi. Mwaka 1936 likafanywa bustani kuadhimisha miaka 25 ya utawala wa Sultani Khalifa bin Haroub, aliyekalia kiti mwaka 1911. Kwa Kiingereza ilipewa jina la jubilei hiyo. Wenyeji hawakulishughulikia jina hilo. Mahali pa forodha ni Forodhani, hata forodha yenyewe ikiwa imeondoka.

Kuna kiingilio?

Hakuna. Hakuna geti la tiketi na hakuna mlinzi wa kukuuliza unakwenda wapi. Ukiambiwa na mtu ulipe ili uingie, endelea na safari yako.

Nifike saa ngapi?

Hili ndilo swali ninalopenda kulijibu kwa urefu, maana wageni wengi hukosea hapa. Wanaambiwa kwamba Forodhani ni soko la chakula cha usiku, basi wanakuja saa mbili, wananunua, wanakula wakiwa wamesimama, wanapiga picha mbili, wanaondoka. Wameona meza. Bustani hawajaiona.

Njoo saa kumi na moja jioni. Wakati huo jua limeshapungua ukali na upepo wa bahari umeanza kupita. Utakuta wazee kwenye viti vya mawe, kila mmoja na nafasi yake ya miaka. Utakuta akina mama wa mitaani wametandika mkeka kwenye majani na chupa ya chai, watoto wa skuli ambao bado wana sare, na vijana wanaojiandaa kuruka baharini. Ngalawa zinarudi, na majahazi ya matembezi yanapita mbali kidogo na tanga zao za pembe tatu. Wauzaji wakati huo ndio kwanza wanaburuza meza, wanamwaga makaa, wanafunga taa.

Jua huzama kati ya saa kumi na mbili na saa kumi na mbili na dakika arubaini na tano hivi, kutegemea mwezi. Linazama baharini mbele yako kabisa. Kisha adhana ya magharibi inaanza msikiti mmoja, unadakia wa pili, wa tatu, mpaka sauti zinakuja kutoka pande zote za mji nyuma yako. Nusu ya watu wanainuka kwenda kusali. Kwa muda wa robo saa hivi bustani inapoa. Usiikose robo saa hiyo. Wanaporudi, moshi umeshapanda, taa zimeshawaka, na hapo ndipo chakula kinapoanza.

Hapa kwetu Forodhani ni sebule. Nyumba za Mji Mkongwe zina kuta nene na madirisha madogo, nyingi zimejaa watu, na za Ng'ambo joto lake la jioni mnalijua. Watu wanakuja hapa kupumua. Mgeni akikaa kwanza kama anavyokaa mwenyeji, kisha akala, anaondoka na kitu alichokiona. Akila tu, ameondoka na shibe.

Hao vijana wanaoruka baharini ni akina nani?

Wanaitwa makachu, na mchezo wenyewe unaitwa hivyo hivyo. Kijana anaanza mbio mbali kule kwenye njia ya bustani, anapita katikati ya watu wanaompisha, anakanyaga ukingo wa ukuta kwa mguu mmoja, na kabla hujajua amegeuka hewani mara moja, mara mbili, amezama kichwa mbele. Wenzake wanapiga kelele. Anapanda ngazi akiwa anachuruzika maji, anarudi mwisho wa mstari.

Nitakupa siri ambayo hutaipata kwa papasi, wale vijana wanaojishika na wageni. Makachu wanategemea maji kujaa, na maji ya Unguja yana kalenda yake. Siku za bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hujaa alasiri, kiasi cha saa kumi, na hubaki juu mpaka jioni inaingia. Bahari inafika ukutani, ina kina, na vijana wanaruka kwa makumi. Wiki ya maji mafu, mwezi ukiwa nusu, mambo hugeuka: alasiri maji yamekupwa, unaona mchanga na mawe na kamba za mashua, na hakuna wa kuruka. Tofauti ya maji kujaa na kupwa wakati wa bamvua hukaribia mita 4, kwa hiyo si jambo dogo. Kama unataka kuwaona makachu, tazama mwezi kabla ya kupanga safari.

Na mimi naweza kuruka?

Sikushauri. Vijana hawa wamekua kwenye ukuta ule, wanajua jiwe liko wapi na maji yamefika wapi. Mgeni hajui. Ukitaka kuogelea, fukwe za kaskazini na mashariki zipo nyingi.

Urojo ni kitu gani hasa? Nausikia kila mahali.

Urojo ni mchuzi mzito wa rangi ya manjano, wa unga na bizari, uliotiwa uchachu wa embe mbichi au ndimu. Lakini ukisema "nipe urojo" hupewi mchuzi mtupu. Muuzaji anachukua bakuli, anatia viazi vya kuchemsha alivyovikata, badia za dengu, kachori, vipande vya mishkaki, na yai la kuchemsha ukitaka. Anamwagia urojo wenyewe moto moto. Juu anaweka chatini ya nazi, pilipili, na mwisho kabisa chipsi nyembamba za muhogo ili ziwe bado ngumu unapoanza kula. Bara wanauita Zanzibar mix.

Raha yake iko katika kugongana kwa vitu: laini na kinachovunjika, uchachu na nazi, moto na pilipili. Kula haraka, chipsi zikilowa umeshachelewa. Kama una jioni moja tu Forodhani na tumbo la kula kitu kimoja, kula huu. Wenyeji wengi unaowaona wamekaa wanakula hapo wameshika bakuli la urojo, hawajashika sahani ya kamba.

Na "pizza" ya Zanzibar? Inafanana na ya Kitaliano?

Haifanani hata kidogo. Ni jamaa wa mantabali, chakula chetu cha zamani kilichokuja na watu wa Uarabuni. Simama umtazame anayeipika, maana nusu ya utamu iko machoni. Ana madonge ya unga yaliyopakwa mafuta, yamejipanga kama mayai. Analichukua moja, analibonyeza kwa viganja, analivuta pembe kwa pembe mpaka linakuwa jembamba kama kanga kuukuu, unaona meza kwa chini. Katikati anaweka kipande kingine kidogo cha unga ili isipasuke. Juu yake nyama ya kusaga, vitunguu, pilipili boga, anavunja yai, anaongeza jibini na mayonezi, anavuruga kwa kijiko hapo hapo juu ya unga. Kisha anakunja pande nne kama bahasha na kuitupa kwenye chuma cha moto chenye samli. Anaigeuza mara mbili, anakata vipande, anakupa na kachumbari na pilipili pembeni.

Ipo ya kuku, ya kamba, ya mboga, na ya ndizi na chokoleti ambayo watoto wanaililia. Mwambie mapema kama hutaki mayonezi, kwa sababu mkono wake una kasi kuliko mdomo wako.

Vyakula vya baharini kwenye meza zile ni salama?

Nitasema ukweli kwa kuwa napapenda mahali hapa. Meza zimepambwa: ngisi, kamba, pweza, jodari, nguru, kaa, wote wamechomekwa vijitini na kupangwa kama maua. Sehemu kubwa ya vile vijiti imeshapikwa au kuchomwa nusu kabla, na ukichagua vinarudishwa kwenye makaa kupashwa. Kama vimetoka baharini asubuhi na vimepikwa alasiri, hakuna tabu. Tabu ni kijiti kilicholala.

Marehemu shangazi yangu alikuwa na namna yake. Alikuwa akimsogelea muuzaji kwa upole, anasalimu vizuri, anauliza hali ya mama yake, kisha ndipo anauliza:

"Mwanangu, ngisi huyu katoka baharini lini?"

"Leo, mama."

"Leo ya leo au leo ya jana?"

Kijana akicheka, shangazi ananunua. Akianza kuapa, anaondoka. Sijapata kipimo bora zaidi. Ongeza na haya: nunua kwenye meza yenye wenyeji wengi na mzunguko mkubwa, omba kipande kichomwe mbele yako mpaka kiive, na siku za upepo mkali wa kusi ambapo wavuvi hawatoki vizuri, achana na samaki ule nyama au urojo. Pweza ndiye ninayemwamini zaidi, maana anakatwa mbele yako na ladha yake huwezi kuificha.

Bei zikoje? Nimesikia wageni wanapigwa.

Wapo wanaopigwa. Mpwa wangu kutoka Tanga aliwahi kuchagua vijiti vitatu na chapati, akala, ndipo akauliza. Akatajiwa bei ambayo kwa pesa hizo ningelisha nyumba nzima. Alilipa, kwa aibu, na mpaka leo Forodhani kwake ni kisa hicho. Naumia kila akikisimulia, kwa sababu muuzaji mmoja amemnyang'anya mji mzima.

Dawa yake ni nyepesi: bei kwanza, sahani baadaye. Uliza kila kitu peke yake, "kijiti hiki shilingi ngapi, chapati shilingi ngapi", na ukubali jumla kabla makaa hayajapulizwa. Usikubali "kula kwanza kaka, bei hatugombani". Ulipe kwa shilingi, na uwe na noti ndogo. Urojo, miwa, kachori, sambusa na mishkaki ya nyama bei zake ni za mwenyeji na hazina mchezo mkubwa. Vinavyopanda na kushuka kwa kutazama uso wa mnunuzi ni vya baharini, hasa kamba na kambakoche.

Unaweza kuomba upunguziwe, hakuna ubaya, lakini kwa maneno mazuri. Anayeuza ana watoto, na amelipia makaa na nafasi.

Papasi ni akina nani?

Ni vijana wanaojishika na mgeni kumwonesha njia, kumtafutia hoteli, mashua, chakula, kisha wanadai chao kwa mgeni au kwa mwenye duka, au kwa wote wawili. Papasi ni yule mdudu anayeng'ang'ania ngozi, kwa hiyo jina linajieleza. Wengi ni vijana waliokosa kazi, hawana shari. Mjibu kwa salamu, mwambie "ahsante ndugu yangu, nimeshafika", na uendelee kutembea. Kumfokea hakusaidii, kumdharau usimwone kama mtu ndiko kunakomkasirisha. Ukitaka kiongozi wa kweli, tafuta mwenye kitambulisho cha kazi hiyo, mkubaliane pesa kabla ya kuanza.

Nivae nini?

Nguo za heshima: mabega yamefunikwa na magoti pia, kwa mwanamke na mwanamume. Mji huu ni wa Waislamu kwa wingi wake, na bustani imezungukwa na misikiti na nyumba za watu. Kanga moja begani inatatua mambo mengi, na Darajani zipo tele. Nguo za kuogelea ni za ufukweni hotelini.

Naweza kupiga picha?

Bahari, majengo, jua na taa piga utakavyo. Watu waombe. Akina mama wengi hawapendi, na akikataa usijaribu kwa mbali. Makachu na wauzaji kwa kawaida wanakubali, ila makachu wanaweza kukuomba chochote baada ya kuruka kwa ajili ya kamera yako, na naona ni haki yao.

Nikija na watoto au mzazi mtu mzima?

Lete. Kuna sehemu ya michezo ya watoto na njia ni tambarare, kiti cha magurudumu kinapita. Jambo moja tu la kuwa macho ni ukuta wa bahari: ng'ambo yake ni maji, na watoto wadogo wanapowaona makachu hutaka kuiga. Washike mkono. Mzee mpe kiti karibu na kibanda cha bendi kilicho katikati, kuna upepo na anaona kila kitu.

Bustani haikuwa hivi zamani. Nakumbuka vumbi la kiangazi, matope ya masika, ukuta ulioliwa na mawimbi. Mfuko wa Utamaduni wa Aga Khan uliifanyia matengenezo makubwa, ikafunguliwa upya Julai 2009: njia mpya, taa, majani, ukuta ukaimarishwa, wauzaji wakapangiwa sehemu yao na wakaanza kuvaa kofia nyeupe za wapishi. Wapo waliolalamika kwamba imekuwa nadhifu mno. Mimi nilimwona bibi yangu akitembea mle bila kutafuta pa kukanyaga, na kwangu hilo lilitosha.

Ramadhani je? Na sikukuu?

Mchana wa Ramadhani bustani iko kimya, na kula au kunywa hadharani ni kuwakosea watu waliofunga. Magharibi kila mtu yuko kwao anafuturu, mji mzima unasikika vijiko. Watu huanza kumiminika baada ya tarawehe, na hapo Forodhani inakesha. Mimi naupenda mwezi huu kuliko yote: watu wametulia, hawana haraka, kahawa inazunguka na kashata.

Sikukuu za Idd ni kitu kingine. Watoto wana nguo mpya na pesa za sikukuu mfukoni, wanatoka viwanja vya Mnazi Mmoja na kumwagikia huku. Huwezi kupita. Ukipenda shamrashamra, njoo. Ukipenda utulivu, subiri siku nne zipite. Mwezi wa Februari, Ngome Kongwe inapokuwa na tamasha la muziki la Sauti za Busara lililoanza mwaka 2004, muziki unaruka ukuta na kukufikia bustanini bila tiketi.

Mvua ikinyesha?

Masika, kuanzia Machi mpaka Mei, wauzaji wengine hawafungui na wengine hujifunika maturubali. Mvua za vuli hupita upesi. Wakati mzuri zaidi ni kuanzia Juni mpaka Septemba, jioni ina ubaridi, au Januari na Februari wakati wa kaskazi, bahari imetulia.

Majengo yale ya nyuma yana nini?

Lile refu lenye nguzo na varanda pande zote ni Beit al-Ajaib, alilolijenga Sultani Barghash mwaka 1883. Lilikuwa la kwanza Zanzibar kuwashwa taa za umeme, ndiyo maana likaitwa nyumba ya maajabu. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Waingereza ziliupiga mji mizinga kutoka bahari hii hii unayoitazama. Vita viliisha kwa muda usiofika saa moja, kasri ya wakati huo ikawa kifusi, na meli ya sultani, Glasgow, ikazama hapa mbele. Milingoti yake ilibaki imechomoza majini kwa miaka, ikaondolewa 1912.

Beit al-Ajaib ilivumilia mizinga ile. Haikuvumilia miaka ya kuachwa. Tarehe 25 Desemba 2020, likiwa katika matengenezo, upande mmoja pamoja na mnara wa saa uliporomoka na watu wawili wakafa. Nilifika siku ya pili. Bustani ilikuwa imejaa watu waliosimama wakitazama, na hakuna aliyekuwa anasema kitu. Saa ile ndiyo tuliyokuwa tukiambiana "tukutane chini ya saa". Jengo lilifungwa kwa wageni baada ya hapo, kwa hiyo ulizia hali ilivyo kabla hujapanga kuingia.

Ngome Kongwe, iliyo jirani yake, ilijengwa na Waarabu wa Omani baada ya Wareno kufukuzwa mwishoni mwa karne ya 17, mahali palipokuwa na kanisa la Wareno. Kuingia uani ni bure mchana, ndani kuna maduka ya sanaa na ukumbi wa wazi wa mawe. Na kile kibanda cheupe chenye matao karibu na maji, ambacho watoto hukipanda, kilijengwa mwaka 1956 kwa ajili ya ujio wa Princess Margaret wa Uingereza.

Mji Mkongwe wote umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000. Kukumbuka hilo unapotaka kutupa chupa ya plastiki baharini kunasaidia.

Nafikaje kutoka bandarini?

Kwa miguu, dakika kumi hivi. Ukitoka bandari ya Malindi shika barabara ya Mizingani, bahari iwe kulia. Utapita ule mti mkubwa wa Mtini, forodha ya zamani, kasri, kisha Beit al-Ajaib, na umefika. Kwa daladala, shuka pembeni mwa Mji Mkongwe ukate vichochoro kuelekea baharini. Ukipotea, fuata harufu ya makaa. Gari binafsi si la kulitegemea, nafasi za kuegesha ni chache na jioni zimeshajaa.

Mashua za kwenda kisiwa cha Changuu zinapatikana hapo?

Ndiyo, ufukweni jirani na bustani. Safari ni kama nusu saa. Nenda asubuhi, kabla upepo haujapanda. Kisiwani kuna kobe wakubwa ambao wazazi wao waliletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919, na jengo lililojengwa liwe jela. Hakikisha mashua ina majaketi ya kuokolea, na uyaone kwa macho.

Pombe? Haiuzwi bustanini. Kunywa miwa. Muuzaji anaukunja muwa na kipande cha ndimu na tangawizi katikati, anaupitisha kwenye mashine, anaukunja tena na kuupitisha mpaka unabaki makapi makavu. Omba "tangawizi izidi".

Choo? Kipo, cha kulipia. Weka sarafu au noti ndogo mfukoni.

Usiku ni salama? Hasa kwa mwanamke aliye peke yake?

Ndani ya bustani, ndiyo: kuna taa, familia, na watu wanaojuana. Vichochoro vya kurudia hotelini ndivyo vya kufikiria. Baada ya saa tatu usiku vingi huwa vitupu, na vyote vinafanana. Rudi kwa njia kubwa, au pamoja na wenzako, au chukua teksi kwa safari fupi. Simu na mkoba usiviache juu ya ukuta unapokula.

Na paka wale?

Ni wa mtaa, hawana mwenyewe na wana wenyewe wote. Watakaa miguuni pako wakikutazama mpaka umalize samaki. Mtupie kichwa cha samaki, usimpige teke. Hapa mtu anayempiga paka hatazamwi vizuri.

Wanafunga saa ngapi?

Hakuna kengele. Kiasi cha saa nne meza zinaanza kupungua, saa tano wanabaki wachache, siku za Ijumaa na Jumamosi hukawia zaidi. Ukibaki mpaka mwisho utaona wanavyomwagia maji makaa, moshi mweupe unapanda mara moja na kutoweka, taa zinateremshwa moja moja, kofia nyeupe zinakunjwa mfukoni. Mtu anafagia. Wazee wawili watatu bado wako kwenye kiti chao cha mawe karibu na maji, na kama umewasalimu ulipofika saa kumi na moja, watakuitikia ukiwaaga.